Mtoro Haruna, Aliyenyamaza Dakika ya Themanini na Tano

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Uliyeitia redio kwenye kapu la mboga, itoe. Uliye shambani huko Ikwiriri, pumzisha jembe kidogo. Leo tunamkumbuka Mtoro Haruna wa Nyamisati.

Mtoro Haruna amefariki dunia Jumatatu, nyumbani kwake, baada ya swala ya alfajiri. Tumemzika Jumanne. Alikuwa na miaka sitini na tatu. Mimi mwenzenu Abdulrazaq ni Mmatumbi, yeye Mndengereko, na kwa miaka ishirini tumetaniana mpaka wageni wakadhani tuna kesi. Kwa hiyo mkinisikia nacheka, msinishangae. Yeye angenishangaa nisipocheka.

Wengi mnamjua Mtoro kama mtu wa Nyamisati aliyepanda ndege kwenda Ivory Coast kuishangilia Taifa Stars. Ni kweli, alikwenda. Januari mwaka elfu mbili ishirini na nne. Lakini tuanze na kazi yake, maana bila kazi yake hamtaelewa kilichotokea huko.

Mtoro alikuwa mwimbishaji wa wachukuzi wa boriti. Mmewaona wale jamaa. Wanabeba miti ya mikoko begani, tope mpaka magotini, wanaipeleka chomboni, kwenye jahazi. Hawabebi kimyakimya. Mtoro anaimba, wenzake wanajibu, na miguu inakwenda pamoja. Yeye: "Mchovu yupo?" Wao: "Hayupo!" Yeye: "Kaenda wapi?" Wao: "Kwa mkwewe!" Basi hapo boriti inakuwa nyepesi kama ufagio.

Sasa sikilizeni sheria yao moja. Mwimbishaji akinyamaza na kuinua mkono, maana yake mzigo umefika. Kila mtu ananyamaza hapohapo, wanashusha pamoja. Atakayeendelea na kelele anaweza kumvunja mwenzake mguu. Mtoro alifanya hivyo miaka thelathini na zaidi. Mzigo ukifika, kimya. Haukuvunjika mguu hata mmoja.

Tiketi ya Ivory Coast hata haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, Bi Fatu. Bi Fatu alituma namba ya kizibo cha soda kwenye droo, akashinda safari ya mtu mmoja. Alipoambiwa ni kwa ndege, akamtazama mumewe. "Nenda wewe," akamwambia. "Mimi kivuko cha zamani pale Ndundu tu kilikuwa kinanitapisha, na kile kilikuwa hakipai."

Mtoro akaenda. Alivaa jezi juu ya kanzu. Alifungasha kamba wakavu nusu gunia, na nasikia kwenye ndege ile abiria wote walijua kuna mtu wa delta. Kule watu wanasema Kifaransa. Mtoro hakukijua. Lakini alikuta msikiti karibu na hoteli, akatoa salamu, akajibiwa, na siku ya pili alikuwa anakula kwa watu ambao hajui hata majina yao.

Mnakumbuka hali yetu wakati ule. Stars ilikuwa haijawahi kushinda mechi hata moja kwenye fainali za Afrika. Hata moja. Mechi ya kwanza tumefungwa tatu na Morocco. Ya pili ni Zambia. Asubuhi ya mechi, Mtoro akawakusanya mashabiki wetu nje ya hoteli, kama watu mia hivi, akawafundisha wimbo wa boriti. Akawafundisha na sheria. Nikinyamaza, mnanyamaza.

Dakika ya kumi na moja, tukapata bao. Mtoro anaimba. Kabla ya mapumziko Zambia wakapewa kadi nyekundu, wakabaki kumi. Mtoro anaimba. Kipindi cha pili wachezaji wetu wamechoka, jukwaa letu dogo linawabeba kwa sauti. Mchovu yupo? Hayupo. Kaenda wapi? Kwa mkwewe. Wazambia wenyewe wanageuka kutazama ni watu gani hawa.

Dakika ya themanini na tano, Mtoro akatazama saa ya uwanja. Bao letu bado lipo. Akaona kama anauona ubavu wa chombo pale mbele. Mzigo umefika. Akanyamaza. Akainua mkono.

Watu mia wakanyamaza.

Dakika ya themanini na nane, kona. Kichwa. Wazambia wakasawazisha, moja kwa moja.

Shabiki mmoja wa Mbeya alimgeukia, akamwuliza taratibu: "Mzee, nani alikwambia tumefika?"

Sasa, wasikilizaji, hapa Kibiti hakuna aliyejua habari hiyo. Angenyamaza nayo tu. Lakini Mtoro aliporudi, alifika hapa studio kwa miguu yake, akakaa kiti hiki kinachotazamana nami, akasema hewani: "Nimekuja kuwaomba radhi Watanzania. Ushindi wa kwanza ulikuwa mkononi. Mimi ndiye niliyeushusha kabla ya chombo."

Mimi nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka fundi mitambo akakata sauti yangu. Na hapo ndipo nilipomkosea. Maneno yale nilikuwa nimeyarekodi. Nikawa nayarusha kila asubuhi kabla ya habari. Mwezi mzima. Bodaboda wa hapa stendi wakamwita Mzee Kimya. Akishuka kwenye gari, mmoja anainua mkono, na kijiwe chote kinanyamaza. Mimi nikaona ni utani. Yeye alikuwa anatabasamu. Nikaona basi, yameisha.

Hayakuisha. Mtoro aliacha kuimba.

Aliyekuja kuniambia ni Bi Fatu. Alikaa kiti hikihiki, lakini hakutaka niwashe kipaza sauti. "Shemeji," akaniambia, "mume wangu anakwenda kazini anabeba mzigo kama punda. Haimbi. Nyumbani akioga haimbi. Wenzake wanabeba kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili, kama wanafunzi. Wewe ndiye uliyemchukua. Nirudishie."

 

Siku hiyohiyo nikaacha kurusha yale maneno. Nikaenda Nyamisati kumwomba radhi. Alinipokea vizuri mno, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Akanipa samaki. Akaniuliza habari za watoto. Nilipomwomba aimbe hata kidogo, akasema sauti yake haina kazi tena, imeshaigharimu nchi. Nilikwenda tena. Na tena. Karibu miaka miwili, wasikilizaji. Miaka miwili nakula samaki wa mtu na kurudi bila wimbo.

Sasa twende Desemba ya elfu mbili ishirini na tano. Stars wako Morocco, wanacheza na Tunisia. Sare ingeweza kutupeleka hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu tumejua mpira. Mtoro hakutaka hata kusikia. Bi Fatu akamwambia anataka asindikizwe kwa jirani. Jirani mwenyewe ni kibanda umiza, kile cha kutazamia mpira kwa kiingilio, na ndani niko mimi nimewawekea nafasi kwenye benchi.

Tukafungwa bao moja. Baada ya mapumziko tukasawazisha. Moja kwa moja. Zikabaki dakika kumi, na kibanda chote kimya. Watu wameshika vichwa. Mtoro anatazama chini.

Bi Fatu akaanza. "Mchovu yupo?"

Watu wakamtazama. Ule ni wimbo wa wanaume wa boriti, na Bi Fatu, anisamehe shemeji yangu, aliuimba ovyo. Aliuburuta. Mahali pa kukaza akalegeza, mahali pa kupumua akakaza. Wachukuzi waliokuwa mle ndani wakashindwa kuingia. Akarudia, vibaya zaidi. Mtoro akavumilia mara mbili. Mara ya tatu akasimama.

"Fatu, kwa mwendo huo utaua watu," akasema. Na akaushika wimbo.

Mimi nilikuwepo. Kibanda kile kiliitika mpaka mabati yakawa yanalia. Dakika ya themanini na tano ikapita, anaimba. Themanini na nane, anaimba. Dakika za nyongeza, anaimba. Kipyenga kikalia, sare, watu wanakumbatiana, Mtoro bado anaimba. Gharibu, mchukuzi mwenzake, akamwambia imetosha, tumepita. Mtoro akamjibu kwamba wachezaji bado wako uwanjani. Aliimba mpaka wa mwisho wao alipoingia vyumbani. Ndipo akainua mkono.

Morocco walikuja kututoa mechi iliyofuata, bao moja. Mtoro hakujilaumu. Alisema huo mzigo haukuwa wake, ulikuwa wa wachezaji wavivu. Na asubuhi baada ya ile sare ya Tunisia, wachukuzi wa Nyamisati hawakuhesabu moja, mbili. Waliimbishwa, na waliimbishwa mpaka Jumapili ya wiki hii, siku moja kabla hajafariki.

Kwa Bi Fatu, kwa binti yake Nasma, na kwa wachukuzi wote wa Nyamisati, sisi wa redio tunasema poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Mtoro Haruna, amsamehe, ampe pepo.

Kwetu sisi tuliobaki, nina ombi moja. Umemtania mtu, ukamwona anatabasamu. Usiishie kwenye tabasamu. Mfuate nyumbani, kaa naye, mtazame. Mimi nilikwenda nimechelewa, na bahati yangu ni kwamba mlango ulikuwa unafunguliwa.

Nasikia sasa anayeimbisha pale Nyamisati ni Gharibu. Gharibu, nimekusikia juzi. Sauti yako ni kama jenereta lililokosa mafuta. Jumamosi nakuja kwako, nione kama umecheka.