Kiswahili Tu

Noah ya abiria ilishatoka stendi ya Ifakara, na Marsiana, mwenye nyumba wa Mlabani, alikuwa bado anamweleza abiria wa pembeni kwa nini Jumamosi anamfukuza mpangaji wake.

"Aikande na mwanawe ni Kichaga mchana kutwa. Nikipita uani wanacheka. Nyumba ina makabila kibao, tunaelewana kwa Kiswahili, isipokuwa yeye. Ananisema, baba. Najua ananisema."

Abiria yule, mkata miwa aitwaye Alfonsi, alimtazama kwa jicho la pembeni. "Na wewe na ndugu zako mnaongea nini?"

"Kiswahili tu." Uongo ulimtoka laini kama mlenda.

Simu ikaita. Alikuwa Yosefina, mdogo wake wa Sanje, ambaye tangu utotoni huongea naye Kindamba tupu, lugha ya kwao. Alfonsi akatega sikio bila aibu. Marsiana akajikaza: "Hujambo, mdogo wangu? Niko njiani nakuja."

Sauti ya Yosefina ikajaa gari zima: "Dada, mbona unaniongelea Kiswahili? Uko na nani? Unamleta mnunuzi, eh? Mwambie shamba la mama haliuzwi!"

"Yosefina, hapa hakuna mtu..." Simu ikakatwa.

"Kumbe unauza shamba," alisema Alfonsi, akivuta mfuko wake karibu.

Alfonsi alishuka Kiberege bila kuaga. Yosefina alimpokea dada yake stendi ya Sanje akiwa na wajomba wawili wa kumzuia mnunuzi, na shamba halijauzwa ila mdogo mtu hajamwamini dada yake mpaka leo. Aikande alifukuzwa Jumamosi ileile. Uani Mlabani sasa ni Kiswahili tu, ukiacha Kindamba cha mwenye nyumba akiwa kwenye simu.