Mama Mujinga na Vitambaa vya Mlango wa Sinema

Mimi ni mtu wa bahati, tusifichane. Kati ya wafanyakazi wote wa reli hapa Kamina, wakubwa wamenichagua mimi, Kayembe, nishike sinema ya klabu yetu baada ya Mama Mujinga Marthe, anayestaafu tarehe 31 Julai 2025, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Bila mrithi, ukumbi ungegeuzwa ghala la mahindi. Waliokitamani kiti hicho walijaa uwanja.

Mama alianza kwa kukata tikiti, enzi za kaseti. Leo tuna flash na projekta, lakini sheria yake ni ileile: kila Jumamosi anatundika kitambaa mlangoni. Chekundu ni vita, cheupe machozi, cha kijani kicheko, cheusi woga. Filamu zinasema lugha za mbali; kitambaa kinasema na sisi. Kwake, aina ya filamu ni ahadi: "Muntu aingie na moyo yake tayari."

Mimi, niliyeona sinema za Lubumbashi mpaka Lusaka, nilidhani anajisumbua bure. Siku moja malaria ilimlaza, nami nikashika zamu yake na kutundika cha kijani kwenye filamu ya mjane. Wake wa askari wa Base, kambi yetu ya jeshi, walikuja tayari kucheka, na kweli walicheka! Mjane alipojitupa kaburini, Mama Zaituni, muuza vitenge, alipiga makofi: "Angalia ule mama, anaruka sawa chura!"

Mama Mujinga alipopona hakunigombeza. Jumamosi iliyofuata alitundika cheupe, akaonyesha filamu ileile kwa watu walewale. Safari hii Zaituni alilia hadi kitenge kikalowa. Akitoka, akaninyooshea kidole mbele ya wote: "Weye Kayembe! Njo weye ulituibia machozi yetu!"

Tangu siku ile sijacheza na rangi.

Mama, asante. Ghala walitafutie mahali pengine: Jumamosi kitambaa kitakuwa mlangoni, na ahadi yake itakuwa ya kweli. Nenda Kabongo kwa wajukuu, upumzike, ucheke na ulie kwa saa unayotaka mwenyewe. Maisha yako yawe mema kama yale uliyotufanyia.

Na ile bahati niliyojisifia pale juu ni uongo. Hakuna aliyenichagua, wala hakuna aliyegombea. Wote walikataa, na mimi nilikataa pamoja nao, mpaka Mama alipoweka vitambaa vyote vinne kwenye kiti changu na kwenda zake.