Manyoya Kumi na Saba ya Ndege Anayebeba Mlango

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti, punguzeni moto jikoni kama kuna kitu kinachemka, tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mchoraji. Mchoraji huyu hakutumia brashi wala rangi ya kopo. Alichora kwenye kompyuta, kwa kalamu isiyo na wino, na alichora viumbe wa hadithi za kale. Alifariki siku kumi na moja zilizopita, akiwa na miaka arobaini na minne. Sisi tuliofanya naye kazi tulimwita Ndotoni. Na mimi nina neno la kumwambia mama yake mzazi, neno nililolibana kifuani miaka sita. Nitalisema leo, kabla kipindi hakijaisha.

Tuanze nyumbani kwao. Baba yake alikuwa fundi wa majokofu. Sebule ndiyo iliyokuwa karakana: majokofu yamepangwa ukutani, mengine hayana milango, mengine hayana hata mgongo. Ndotoni na mdogo wake walikaa sakafuni katikati ya mabomba na skrubu, na baba huku anakaza, huku anasimulia. Nyoka aliyelala chini ya mji mzima, akipumua madirisha yanafunguka yenyewe. Mwanamke anayechana mawingu kwa kitana cha mfupa, na nywele zinazokatika ndizo manyunyu ya asubuhi. Na ndege anayebeba mlango.

Mdogo wake, ambaye ni muuguzi, aliniambia hivi: "Hadithi zenyewe zilikuwa za zamani, lakini baba alikuwa anachomekea ya kwake. Kila hadithi lazima iwe na mlango. Milango ya majokofu ilimsumbua sana yule mzee."

Hiyo ya ndege niwaonjeshe kidogo. Zamani mbingu haikuwa na mlango. Mvua haikuweza kutoka, na roho za waliokufa hazikuweza kuingia. Ndege mmoja akajitolea. Akabeba mlango mgongoni, akaruka kwenda kutafuta pa kuufunga. Mpaka leo anatafuta. Anapotua kupumzika, mlango unafunguka kidogo, mvua inaponyoka, roho zinapita. Kisha anaruka tena.

Tulikutana steshenari. Mimi sikuzaliwa mtangazaji. Nilikuwa naendesha mashine kubwa ya kuchapa mabango. Yeye alikaa kwenye kompyuta ya dirishani, akitengeneza kadi za harusi. Siku moja bibi harusi mtarajiwa alikuja kuchukua kadi zake mia tatu, akakuta nyoka mwenye mabawa amejikunja kwenye herufi ya kwanza ya jina la mchumba wake. Bosi akafoka. Ndotoni akasema taratibu, "Samahani. Alipita tu, nikamwacha." Yule dada akamtazama, akacheka mpaka akashika meza. Kadi alizichukua zote, na nyoka wake.

Alikuwa hivyo. Unaongea naye, anakuitikia, lakini macho yako mbali. Mchana wenzake tukienda kula, yeye alizima taa ya kona yake akachora. Ukipita nyuma yake unaona kiumbe kinaibuka polepole kwenye kioo: kwanza ukungu, halafu bega, halafu jicho, na jicho linakutazama wewe. Mara nyingi nilisimama pale mpaka chakula kikapoa mkononi. Chumba kilinuka wino na karatasi ya moto, lakini mimi nilihisi upepo wa mahali pengine kabisa.

Sasa nieleze kitu kimoja, maana ndicho kilichotufikisha hapa. Mchoro wa kompyuta una matabaka. Fikirieni karatasi za nailoni nyeupe, zile zinazoonyesha, zimepangwa moja juu ya nyingine. Moja ina anga, nyingine ina ndege, nyingine ina mwanga. Na ukitaka, unaweza kulificha tabaka moja. Halionekani, lakini lipo.

Baba yao alipougua, mikono ikawa inatetemeka. Ndotoni akamwekea kishikwambi mapajani, akampa kalamu, akamwomba amsaidie yule ndege. Mzee akachora manyoya kumi na saba. Kumi na saba, wasikilizaji. Mama yao aliyahesabu akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Yalipinda, mengine yalitoka nje ya bawa. Mzee akacheka, "Huyu sasa ataruka upande upande, kama mimi." Wiki tatu baadaye akafariki. Lile tabaka la baba Ndotoni alilihifadhi ndani ya mchoro wa ndege, akalificha. Akamwahidi mama yake: maonyesho ya michoro yake yakiisha, atayachapa manyoya yale peke yake, ayatie kwenye fremu, mama ayatundike chumbani.

Maonyesho yakakaribia. Kishikwambi chake kilikuwa kimekufa wiki ile ile, kwa hiyo mchoro alikuwa nao kwenye flashi, nakala hiyo hiyo moja. Akaniachia niuchape, akaenda kupima ukuta wa ukumbi. Mashine yangu ikagoma. Mchoro ulikuwa mzito. Nikaona nisimsumbue, kazi yenyewe ndogo. Nikaiamuru kompyuta iunganishe matabaka yote yawe moja. Kompyuta ikaniuliza: tabaka lililofichwa, litupwe? Nikabonyeza ndiyo. Kisha nikahifadhi juu ya ule ule wa mwanzo.

Ni mimi, wasikilizaji. Niliyebonyeza ni mimi.

Aliporudi akafungua flashi. Akatafuta. Akatafuta tena. Nikamwambia nilichobonyeza. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na mke wangu alikuwa amejifungua majuzi tu. Nikaanza kulia kabla yake.

"Umemwambia mtu?" akaniuliza.

"Hapana, dada."

"Basi usimwambie. Bosi atakufukuza leo leo. Na mama yangu unamsikia tu, humjui. Atakuja hapa na mwavuli wake, na si kwa ajili ya mvua."

"Sasa wewe utamwambia nini?"

"Nitasema nimefuta mimi. Mimi mwanawe, atanisamehe."

Hakumsamehe. Mama hakuja kwenye maonyesho. Watu walisimama mbele ya yule ndege wakinong'ona, wengine wakarudi siku ya pili na watoto wao, lakini mama hakuja. Kwa miaka sita Ndotoni alichora viumbe wengine arobaini. Kila Jumamosi alikwenda kwa mama yake, wakala, wakaongea habari zote za dunia, isipokuwa picha. Mara mbili nilimwambia twende nikakiri. Mara mbili akaniambia, "Acha, mdogo wangu, yamepita." Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi kila aliposema hivyo.

Moyo wake ulisimama Jumanne asubuhi. Mdogo wake alimkuta mezani, kalamu mkononi, kioo bado kinawaka. Alikuwa anamchora mwanamke wa mawingu. Kitana kilikuwa kimefika katikati ya nywele.

Juzi nilikwenda kwa mama yao kumhoji kwa ajili ya kipindi hiki. "Shikamoo, mama." "Marahaba mwanangu, kaa." Akanimiminia chai. Akaniambia: "Kipaji alikuwa nacho, sikatai. Lakini alikuwa mzembe. Alifuta mkono wa baba yake. Nimemzika nikiwa na donge hapa." Akajigusa koo. Kinasa sauti kilikuwa kinawaka. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kuomba sukari. Nikamaliza chai, nikaaga.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi hakikuniumbua. Kimemchukua aliyenikingia kifua, na mimi nikanywa chai ya mama yake.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa familia, kwa mdogo wake aliyemfumba macho, na kwa wote waliowahi kusimama mbele ya viumbe wake wakasahau walikokuwa wanakwenda. Nanyi mlio nyumbani, naomba tujiulize jambo moja. Yuko mtu anayebeba lawama yako? Kama yuko, usingoje akuambie imemchosha. Watu wa namna hiyo hawasemi. Nenda kaichukue leo, angali hai akuone ukiichukua.

Mama, mwanao muuguzi ameniahidi kwamba redio yako imewashwa. Binti yako hakuwa mzembe. Hakuwahi kufuta hata unyoya mmoja wa baba yake. Nilifuta mimi, kwa haraka zangu, na yeye akabeba ili mwanangu apate maziwa. Nikitoka hapa nakuja kwako kwa miguu. Nitapiga hodi. Ukinifukuza ni haki yako, na mwavuli nitaupokea. Lakini kabla sijafika, mlilie mwanao upya, mama. Hakukukosea.