Nyimbo za Msiba Zilipoingia Jumapili

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Bwana aliyekufa na sasa yu hai. Asanteni, Kasulu, mmeitikia vizuri. Kwetu Kibondo mngeambiwa mrudie, lakini mimi nimeridhika, kaeni.

Mimi ni mkulima wa maharage na muhogo kule Murungu, na ni mwimbaji. Nimeombwa niwaeleze ninyi viongozi wa kwaya jinsi tulivyoibadilisha ibada yetu. Nitaeleza, ila siwezi kuisimulia ibada bila kuusimulia msiba wangu. Msiniharakishe.

Mwaka juzi, mvua zikiwa zimekolea, nilimzika binti yangu wa mwisho. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema maneno mawili matatu. Homa ilimshika mchana, nikambeba kwa kitenge, tukakimbilia hospitali, na njiani akanyamaza mgongoni kwangu. Ndugu zangu, nawaambia, hata leo nikilisema hili, mgongo wangu unamkumbuka.

Kwenye msiba ule kanisa langu lilinitendea mema, lazima niseme. Kwaya zote zilikuja. Waliimba habari za msalaba, za kaburi lililokutwa wazi, za Bwana atakayewaamsha walio wake. Nililia sana, lakini nililia nikiwa nimeshikwa.

Jumapili iliyofuata nikaenda kanisani. Mnajua ibada zetu zilivyokuwa, na zenu nazijua pia, msinitazame hivyo! Kinanda kimefunguliwa mpaka mwisho, kiongozi wa sifa ameshika maiki: "Mwambie jirani yako, wewe ni mshindi!" Jirani yangu kwenye benchi, mama wa watu, akanigeukia, akafungua mdomo, akaufunga. Angeniambia nini, na matanga kwangu hayajaanuliwa? Kwaya ya kwanza ikaimba kwamba adui zetu wameaibika. Ya pili ikaimba kwamba mwaka huu ni wa kuvuka. Ya tatu, ndiyo yangu hiyo, ikaimba juu ya kuinuliwa, tena kwa sare mpya. Mahubiri yakapewa muda uliosalia, kama ukoko wa chini ya sufuria. Nikatoka ibada ikiendelea. Sikumchukia mtu, ila niliona kwamba mle ndani hapakuwa na mahali pangu pa kukaa.

Sikurudi. Watu wakaja kuniombea, wakisema nimepoa kiroho. Mmoja akaniambia imani ya kweli haina machozi. Nilimpa kiti, nikampa na uji, alipomaliza nikamwambia aende zake. Nilikuwa na hasira, jamani. Mimi niliyekuwa naanzisha nyimbo, nikawa napalilia shamba zima bila hata kuimba kwa sauti ya chini. Nikaanza kuamini kwamba Mungu wa msibani na Mungu wa Jumapili ni wawili, na huyu wa Jumapili hanijui.

Kisha tukaletewa mchungaji mwingine, mtu mzima, asiye na maneno mengi. Akawaita walimu wa kwaya na wazee wa kanisa. Akanifuata na mimi nyumbani. "Mama, njoo usikilize tu," akasema. Nikaenda, nikakaa pembeni.

Akawauliza: "Katika nyimbo mnazoimba Jumapili, ni upi unaosema kwamba Yesu alikufa kwa ajili yetu, akafufuka?"

Walimu wakatazamana. Mzee wa kwaya kuu akacheka kidogo. "Hizo tunazo nyingi sana, mchungaji. Ila ni za msiba."

"Kwa nini msiziimbe Jumapili?"

"Ee, haiwezekani! Ukiimba wimbo wa msiba Jumapili, kijiji kizima kitauliza nani amekufa."

Mchungaji akamtazama kwa upole. "Mzee wangu, si ndilo swali tunalotaka watuulize?"

Ndugu zangu, tulikuwa tumeiacha injili kwenye nyumba za matanga. Ilikuwa ikija na jeneza, ikiondoka na wafiwa. Jumapili tukawa tunashangilia ushindi ambao hakuna aliyesema ulipatikanaje.

Kubadilika hakukuwa rahisi, nisiwadanganye. Mchungaji alitaka ibada ifuate habari njema yenyewe: Mungu anatuita, tunamwambia huzuni zetu na dhambi zetu bila kuficha, tunasikia alichotutendea Kristo, tunakula mezani pake, halafu anatutuma nyumbani na mashambani. Kila wimbo ukae mahali unapoisaidia habari hiyo. Zamu za kwaya zifutwe. Weee! Zamu ndiyo ilikuwa heshima ya kwaya. Vijana wakasusa mazoezi. Mzee wa kwaya kuu akasema hakushona sare ili aje asubiri watu wamalize kutubu.

Mimi nikaombwa nianzishe wimbo wa kufa kwa Bwana. Nikakataa. Nyumbani baba watoto akaniambia, "Usipoimba wewe, wataimba wasiojua wanachokisema." Aliniweza hapo. Nikakubali.

Jumapili ikafika. Kinanda kikazimwa. Nikaanzisha wimbo uleule tuliouimba tukimfunika mwanangu udongo. Sauti ilitoka ikikwaruza, ikakatika, kwaya ikaipokea. Watu wakalia waziwazi, na hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Tukiwa katikati ya wimbo, mlango ukafunguka. Alikuwa jirani yetu mwenye duka ng'ambo ya barabara, mzee Mwislamu ambaye hakosi mazishi ya mtu yeyote pale kijijini. Amefunga duka, amevaa kofia yake, ameshika mfuko wa sukari. Akasimama mlangoni kwa adabu.

"Poleni jamani. Nimesikia nyimbo. Nani amefariki?"

Kanisa zima likageuka. Mzee wa kwaya kuu akamtazama mchungaji, macho yanasema, si nilikwambia? Mchungaji akaninyooshea mimi mkono.

Nikasema, "Asante kwa kuja, mzee wangu. Tunamwimbia Bwana wetu. Alikufa, na akafufuka." Nilidhani nimemaliza, kumbe mdomo unaendelea: "Na mwanangu alikufa. Nimemkabidhi kwa huyo aliyefufuka."

Sikuwahi kulitamka hilo tangu tulipomzika. Nililitamka pale, mbele ya watu wote, na sikuanguka.

Mzee akainamisha kichwa. Hakubishana nami, ana dini yake na anaijua. "Kwa mtoto, pole tena, mama," akasema, akaiacha sukari kwenye benchi, akarudi dukani kwake. Nasi tukaimba wimbo wa kufufuka, kinanda kikafunguliwa, na jamani, tulicheza! Hata mzee wa kwaya kuu alicheza mpaka sare ikalowa jasho. Wiki ile vijana wakarudi mazoezini wenyewe.

Namshukuru mchungaji yule kwa swali lake. Nawashukuru wanakwaya walioipokea sauti yangu ilipokatika, na baba watoto, na jirani yetu wa dukani, ambaye tulimwalika, tukanywa naye chai ya sukari yake. Na ninyi viongozi, neno langu ni hili: pangeni ibada ambayo aliyezika jana ataweza kukaa mpaka mwisho, na aliyefunga ndoa jana pia. Habari za Yesu zinawatosha wote wawili. Msizikate nusu.

Mwaka huu, kama mnavyoona, ndugu wa Burundi wameanza tena kuvuka mpaka kutafuta hifadhi. Jumapili moja alikaa kanisani kwetu mama mmoja wa kule, aliyemwacha mumewe kaburini. Ibada ilipokwisha hakuinuka. Nikamfuata, nikakaa naye. Akasema Kirundi chake, nikasema Kiha changu, tukaelewana.

"Nyimbo hizi," akaniuliza, "mtaziimba tena lini?"

Nikamshika mkono. "Jumapili, dada yangu. Kila Jumapili."