Mama Cheche na Swichi Iliyojizima

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, fundi wetu wa umeme wa magari atavua ovaroli ya karakana hii baada ya kuivaa miaka thelathini na mmoja. Ofisi ilinipa ukurasa wa kumuaga uliokwisha kuandikwa, nitie jina langu tu. Umejaa "mnyenyekevu" na "mtiifu". Nimeuchana. Mama Cheche hakuwa mtiifu hata siku moja, na tushukuru.

Jina hilo alilipata wiki ya kwanza. Msimamizi wa wakati huo alimwona mwanamke mlangoni, akamwelekeza jikoni. Mama akanyoosha moja kwa moja hadi kwenye lori lililokuwa limelala uani wiki tatu, akafungua chini ya usukani, akagusanisha nyaya mbili. Cheche zikaruka, lori likanguruma, msimamizi akajimwagia chai. Tulicheka mbavu zikauma.

Wengi humu tumejifunza kwake. Ufunguo, alisema, hauwashi gari. Unageuza swichi tu. Hatua ya kwanza hupeleka umeme kwenye redio, ya pili kwenye injini, ya mwisho kwenye stata, mota inayoiamsha injini. Gari likishawaka, springi huurudisha ufunguo hatua ya pili, na hapo ndipo unapotakiwa kukaa safari nzima. "Ufunguo ukitoka hapo wenyewe," alituambia, "injini inakata, usukani unakuwa mgumu, breki nzito. Ombeni Mungu msiwe mteremkoni."

Miaka sita iliyopita aligundua kwamba swichi mpya za mabasi ya wafanyakazi zinalegea. Akaandika barua. Akaandika ya pili. Ya tatu aliipeleka kwa mkono kwa meneja wa usafiri, akajibiwa, "Mama, wewe tengeneza magari. Mambo ya barua tuachie sisi."

Wiki mbili baadaye basi namba nne lilizimika kwenye mteremko wa langoni, likavunja uzio. Abiria wawili waliumia. Dereva alivunjika mguu. Hata plasta haijakauka, ripoti tayari: dereva alizima injini makusudi ili ateremke bila kutumia mafuta. Akafukuzwa, mkewe akiwa na mimba ya miezi minane. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Naandika haya kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo inanihusu mwenyewe. Mimi, karani wa stoo, ndiye niliyezipokea swichi zile. Barua zake zote tatu nilizisoma. Nikanyamaza.

Yeye hakunyamaza. Siku ya rufaa ya dereva aliingia bila kuitwa, amebeba ubao aliofungia kitasa na swichi ya basi lile, betri na balbu moja. Akaingiza ufunguo pamoja na rundo zima la funguo za malango ambalo madereva walilazimishwa kulibeba. Akageuza. Balbu ikawaka. Akaupiga ubao kofi. Ufunguo ukarudi nyuma wenyewe, balbu ikazimika.

"Nani kazima?" akauliza.

Meneja akasema hiyo ni bahati mbaya tu.

"Haya, tuihesabu bahati mbaya."

Akawasha tena, akapiga tena, mara kumi. Mara tisa balbu ilizimika. Dereva, ameegemea magongo yake ukutani, alijifuta macho kwa mkono wa shati, na hakuna aliyethubutu kumtazama.

Alirudishwa kazini baada ya miezi kumi na mmoja. Swichi zote zikabadilishwa. Meneja hakuomba radhi; alipandishwa cheo. Mama Cheche alipewa barua ya onyo kwa "kuingia kikaoni bila idhini", na mpaka leo imo kwenye faili lake. Nimeiomba ofisi iitoe kabla hajaondoka. Wamesema watalifikiria. Kufikiria nini?

Mama, kwa niaba ya kila aliyepanda basi la asubuhi akafika salama bila kujua ni kwa mkono wa nani, ahsante. Nenda ukapumzike na mzee wako, wajukuu wakuchoshe vizuri, na Mungu akupe miaka mirefu yenye afya. Nami nakuomba radhi. Nimechelewa miaka sita, lakini naomba hapa, mbele ya wote.