Upige Kengele Kwanza

Sogeeni, wanangu, Gi-tae na Mi-ran, na wewe Seon-yeong, mke wa mwanangu, usijifiche nyuma ya pazia, maana pumzi zangu ni za kuhesabu na haya yanakuhusu wewe kwanza.

Mnaikumbuka Februari ile nilipopanda hadi ghorofa ya kumi na moja na ndoo ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, nikabonyeza namba ya siri ya mlango wa Gi-tae kama kila Jumanne, niingie nipange friji, nikunje hata chupi zenu, na mlango ukakataa. Seon-yeong, ukafungua, uso umepauka, ukasema, "Karibu mama, lakini kuanzia leo upige kengele kwanza." Niliiacha ndoo pale pale nikashuka kwa ngazi, na kwa mwaka mzima na miezi saba sikukanyaga kwenu, nikiwaambia majirani nimepata mkwe asiye na adabu.

Hasira ilipopoa likabaki swali: binti huyu aliutoa wapi ujasiri wa kuniambia vile bila kupandisha sauti? Mimi, mama mkwe wangu alikuwa akifungua barua za mama yangu mzazi kabla sijazishika, nami nikijibu, "Ndiyo, mama." Swali likaninyima raha hadi nikaja, nikapiga kengele, nikakuuliza. Ukacheka huku unalia: "Nilifanya mazoezi bafuni wiki mbili, mama. Nilikuwa natetemeka!"

Kumbe watu hujifunza! Basi na miaka yangu sitini na minane nikasimama mbele ya kioo cha bafuni kwangu, nikafanya mazoezi, kisha nikampigia baba yenu mkubwa. "Shemeji, sikukuu ya mavuno mwaka huu sipiki chakula cha tambiko la wahenga."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimepika miaka arobaini na mmoja, nimechoka."

Alininunia mpaka anakufa, lakini wahenga waliandaliwa chakula cha kununua na hakuna aliyefufuka kulalamika. Mimi nilipanda basi hadi Gangneung, kule pwani, nikaingia mgahawani, mhudumu akaniuliza ninapenda nini, na wanangu, sikujua. Nikaagiza vyakula vitatu nionje.

Sasa shikeni haya. Nyumba ya Jeonju ni ya Mi-ran peke yake; Gi-tae, usimwombe hata kona ya kuwekea maboksi yako, na akikukatalia jambo usimwulize mara ya pili.

Mi-ran, mwanangu... miaka minne unalala sakafuni kando yangu, kila nikiita unaitika. Sijawahi kukusikia ukikataa, na kabla sijaenda natamani kujua sauti yako ya kukataa ikoje. Haya, nakuomba... ulale hapa tena leo.

Sijasikia. Rudia, mwanangu.

Naam... Ina ukwaruzo kidogo, kama ya baba yako. Nzuri.

Muuguzi yupo. Nenda kwako ukalale. Mbarikiwe wote... na wewe, Mi-ran... vaa koti, nje baridi...