Mzee Lifti na Habari Njema ya Ghorofa Tano

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo alikuja duniani asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mpiga rangi na mama mfuma sweta, na mama yao alikuwa akisimulia kwamba wa kwanza, ambaye ndiye kaka mkubwa aliyeketi hapa mbele, alizaliwa kimya, lakini huyu alitoka akiongea, ikabidi wakunga wangoje amalize.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1975, ambako walimu walimpenda sana, hasa siku ambazo hakufika, kwani swali la mstari mmoja alilijibu mpaka kengele.

Tarehe 3 Machi 1980 aliajiriwa kuwa mwendesha lifti katika jengo la ofisi lenye ghorofa tano, akikaa kwenye kigoda kando ya vitufe, na huko ndiko alikoitwa Mzee Lifti angali kijana asiye na ndevu za kunyoa. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na karani wa ghorofa ya tatu, ambaye hadi leo anasema alikubali posa ili mlango ufunguliwe, Mungu akawajalia mabinti wawili, mmoja muuguzi, mwingine fundi wa magari, na wajukuu watatu.

Alikuwa amempokea Kristo mwaka 1984, kwa furaha kubwa na maneno makubwa zaidi, akawa anahubiri upatanisho, utakaso na kuhesabiwa haki, akikolea hadi anasahau kusimamisha lifti, mwanasheria wa ghorofa ya pili akifikishwa ya tano, akishushwa chini, akipandishwa tena, mpaka meneja akamwita na kumwomba watu wafike kazini kwanza, mbinguni baadaye.

Hilo lilikuwa la kucheka, lililofuata halikuwa. Mama yao alipofariki, Juni 1991, marehemu alipewa kipaza sauti aseme machache, akasema mengi, na katikati ya mengi hayo akamnyooshea kidole kaka yake, ambaye wakati ule pombe ilikuwa imemweka mfukoni, akamwita mwana mpotevu mbele ya watu wote, kaka akainuka, akashika njia, hakutupa hata konzi ya udongo kwenye kaburi la mama yake.

Kaka ni fundi cherehani, na karakana yake ilikuwa ghorofa ya tano ya jengo lilelile, lakini tangu juma lile hakukanyaga lifti, alipandisha majora ya vitambaa kwa ngazi, begani, miaka kumi na saba, na aliyemuuliza aliambiwa daktari ameshauri mazoezi. Marehemu alizisikia hatua zile nyuma ya ukuta wa lifti, na ndizo zilizomfundisha kuongea, akaanza kupunguza, akaondoa maneno magumu, akashusha sauti, akakirudisha kidole mfukoni, mpaka Injili yake ikatosha safari moja ya chini hadi juu, kwamba Mungu anatupenda, tulimwacha, Yesu alikufa na kufufuka ili turudi, na mlango uko wazi. Baada ya hapo aliufungua wa lifti, mwenye swali akauliza, asiye nalo akatakiwa kazi njema.

Mwaka 2008 magoti ya kaka yaligoma, akaingia kwenye lifti na jora lake, akageukia ukuta akisubiri mahubiri, ghorofa ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, marehemu kimya kama kiatu. Kaka akashindwa kuvumilia, akamwambia, "Wewe hata watoa takataka unawahubiria, mimi nduguyo nina ubaya gani?" Marehemu akasimamisha lifti, akajibu, "Kaka, nilikukosesha kumzika mama. Nisamehe. Mengine yatafuata ukitaka." Akaiendesha tena, wakafika ya tano, mlango ukafunguka, kaka hakushuka, akaweka jora sakafuni, akasema, "Rudisha chini, uanze mwanzo." Asubuhi hiyo jengo zima lilipanda ngazi, mwanasheria akiwa wa kwanza kulalamika.

Marehemu alistaafu mwaka 2017, akaanza kuugua mapafu Oktoba 2022, akalazwa mara kadhaa, na mwishoni pumzi ya kusema ikamwisha, ndipo kaka, ambaye tangu asubuhi ile ya lifti hakuonja tena pombe, akawa anaketi kitandani kila jioni kumwambia maneno yale yale, taratibu, tangu chini hadi juu. Ndivyo alivyofanya jioni ya tarehe 9 Februari 2024, na alipofika mwisho, marehemu aliinua kidole kilekile cha mazishi ya mama, safari hii akakielekeza juu, akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliolala nasi sebuleni, wafanyakazi wenzake, na wapangaji wote wa jengo, wakiwemo waliocheleweshwa. Tunaomba pia mtupishe kidogo pale kaburini, kwa kuwa mtu wa kwanza kutupa udongo leo ni kaka mkubwa, na ameshika konzi mbili, moja ni ya mama.

Pumzika kwa amani, Mzee Lifti, mlango uko wazi.